Kifyatulio Laini, Moto wa Mashaka: Silaha za Ufipa kutoka Gumegume hadi Bastola

Mwenye silaha huipima kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: kifyatulio kisimchokoze kidole, na akikivuta moto uwake. Mafundi wa silaha wamehangaika na mambo haya kwa zaidi ya miaka 200, na kila kizazi kimekuta kwamba hayapatani. Springi inayoipa nyundo nguvu ya kupiga ndiyo hiyo hiyo inayokifanya kifyatulio kiwe kizito. Ukiilegeza, kidole kinapata nafuu lakini fataki, kile kilipuzi kidogo kinachowasha baruti, inapigwa kwa kusitasita. Ukiikaza, fataki inalipuka kila mara, ila mkono unatikisika kabla risasi haijatoka na shabaha inapotea. Anayetaka kuongeza kimoja hana budi kujua kingine atakipunguza kwa kiasi gani, na ni nani atakayeumia kwa upungufu huo.

Katika uwanda wa Ufipa jambo hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na historia hiyo inaanzia kwenye chuma. Ukitoka Sumbawanga kuelekea Nkansi, bado yapo mabaki ya malungu, tanuri za udongo zilizojengwa kama minara, nyingine zikiwa na urefu wa mita 3. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Urefu wake ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, moto ukajiendesha wenyewe juu ya mkaa na mawe ya chuma. Kilichotoka humo kilikuwa bonge lenye takataka nyingi, nalo lilipelekwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kulisafisha kabla halijafika kwa mhunzi. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliieleza kazi hii kwa kirefu mwaka 1914, na baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichimbua upya kama mwanaakiolojia, akaonyesha kuwa ukanda wa Nkansi ulipitia zaidi ya aina moja ya ufuaji wa chuma kwa karne nyingi.

Chuma hicho kilikuwa kizuri kwa jembe, shoka na mkuki. Kwa mtambo wa bunduki hakikutosha, na sababu yake si uzembe wa wahunzi. Chuma cha tanuri la mkaa huwa na kaboni kidogo, nayo haijatawanyika sawasawa. Kinapinda, kinafulika, kinanoleka. Lakini springi inataka chuma kinachokunjwa mara elfu na kurudi palepale, na ulimi unaoishika nyundo unataka ukingo mgumu usiolika. Mhunzi wa Kifipa aliyepewa bunduki iliyovunjika kitako aliweza kuitengeneza vizuri kabisa. Aliyeletewa springi iliyokatika alikuwa na kazi nyingine, maana alitakiwa kuiga chuma cha kiwandani kwa chuma kisichokuwa na tabia hiyo. Hapa ndipo penye mzizi wa udhaifu wa bunduki nyingi kuukuu tulizorithi: kitako na mtutu vilitengenezeka nyumbani, moyo wa mtambo haukutengenezeka.

Bunduki zenyewe zilikuja na misafara. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya yaliyohamia kwenye silaha mpya, au zilikuwa zimetengenezwa kwa bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 aliwaeleza Wafipa kuwa watu wa kilimo hasa, wanaokaa kwa amani. Miaka michache baadaye, upande wa Ufipa uitwao Lyangalile ulikuwa chini ya Kimalaunga, mwindaji wa tembo mgeni aliyetawala kwa nguvu ya bunduki na wafuasi wake, mpaka Wajerumani walipomwondoa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Watu wenye ustadi wa chuma kuliko majirani wengi walijikuta chini ya mtu aliyekuwa na bidhaa ya chuma wasiyoweza kuifua.

Bunduki ya gumegume inahitaji mambo mengi yakubaliane kwa wakati mmoja. Nyundo inabeba kipande cha jiwe. Kifyatulio kikivutwa, jiwe linakwangua bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyowekwa nje, baruti hiyo inawaka, moto unapenya kwenye kitundu cha pembeni na kuifikia baruti iliyoshindiliwa ndani. Jiwe likiwa limechakaa, cheche ni chache. Upepo ukivuma, baruti ya nje inapeperuka. Kitundu kikiziba, moto unawaka nje tu na mtutu unabaki kimya. Hata yote yakienda sawa, kuna muda kati ya kuvuta na kulia, muda mfupi lakini unaotosha mtu kufumba macho na mnyama kugeuka. Nyundo nayo inahitaji springi nzito ili ikwangue bamba kwa kishindo, kwa hiyo kifyatulio cha gumegume kikiwa laini sana ni dalili mbaya: ama springi imechoka, ama ulimi umelika na hauishiki tena nyundo inavyopasa.

Ufumbuzi wa cheche ulitoka kwa mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyekuwa akiwinda ndege na kukerwa na namna walivyoruka wakiona mwako kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alisajili ubunifu wa kutumia kemikali inayolipuka kwa kupigwa badala ya jiwe na cheche. Katika miaka ya 1820 kemikali hiyo ikawekwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, na fataki ikazaliwa. Nyundo inapiga fataki, fataki inatema moto moja kwa moja ndani ya mtutu. Mvua na upepo vikapungukiwa nguvu, na ule muda wa kungoja ukafupika mno. Kwa maoni yangu hakuna badiliko lingine lililoipa bunduki uhakika zaidi ya hili. Hata risasi ya bastola ya leo ina fataki katikati ya kitako chake, na bila fataki nzuri kila kitu kingine ni bure.

Kwa nini basi gobore, bunduki ya kushindilia kwa mdomo, ilibaki mikononi mwa watu wa bara kwa zaidi ya karne moja baada ya Ulaya kuiacha? Umaskini ni sehemu tu ya jibu. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa uliweka ukanda kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, eneo ambalo Ufipa nzima imo ndani yake. Humo uingizaji wa bunduki za kisasa ulizuiwa. Zilizoruhusiwa kwa masharti ni za gumegume zisizo na mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sheria iliiruhusu silaha kwa sababu ni mbovu. Serikali za kikoloni ziliendelea na fikra hiyo, zikamwachia mkulima gobore la kulindia shamba huku bunduki ya risasi za ganda ikiwa ya mzungu na askari. Kwa hiyo silaha isiyoaminika iliwekwa Ufipa kwa makusudi, na wahunzi wakaachiwa kazi ya kuitia uhai kwa vipuri ambavyo hawakuuziwa.

Hali ya hewa iliongeza lake. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, ukungu unashuka kwenye milima ya Mbizi, na kwenye Lyamba lya Mfipa, ukuta wa mlima unaoporomoka kuelekea bonde la Rukwa, unyevu unaweza kukaa siku nzima. Mahindi yanaanza kukomaa mvua zikiwa bado zinanyesha. Ndipo nguruwe pori, nyani na tumbili wanaposhuka mashambani, na ndipo mlinzi wa shamba anapolihitaji gobore lake. Ni majira yale yale ambayo baruti imenyonya unyevu na fataki iliyokaa kwenye kimfuko tangu mwaka juzi imeota kutu ya kijani. Baruti nyeusi ina kasoro nyingine isiyoonekana upesi: ikishalipuka huacha masizi yanayovuta maji kutoka hewani, na mtutu usiosafishwa usiku huo huo huanza kuliwa na kutu kesho yake. Masizi hayo huziba njia ya moto kutoka kwenye fataki. Mlinzi anavuta, fataki inalia tik, hakuna kitu. Anarudia. Mara ya tatu anaamua kuchungulia.

Kuchungulia huko kumepoteza macho na mikono ya watu. Fataki ikilia na bunduki isitoke, moto unaweza kuwa umeshika pembeni mwa baruti yenye unyevu na unatambaa polepole. Mlipuko ukichelewa sekunde kadhaa unamkuta mtu ameshageuza mtutu. Kanuni inayofundishwa kwa waliopata mafunzo ni fupi: elekeza mtutu upande usio na mtu, hesabu angalau sekunde 30, zaidi kwa gobore, ndipo uguse chochote. Ningependa kanuni hii isomwe kwa sauti kila kijiji kinapofanya mkutano kuhusu wanyama waharibifu, kwa kuwa wanaoihitaji zaidi ndio ambao hawajawahi kukaa katika darasa la silaha.

Tukija kwenye bastola inayojipakia yenyewe, mtu anaweza kufikiri ameingia ulimwengu mwingine. Kwa sura ni kweli. Kwa kanuni ni mgogoro ule ule. Ukivuta kifyatulio, fimbo ndogo inausukuma ulimi, ulimi unaiachia nyundo au pini iliyokazwa na springi, pini inabonyeza fataki kwenye kitako cha ganda, fataki inalipuka, baruti inawaka. Nguvu ya mlipuko inairudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda tupu linarushwa nje, risasi mpya inaingia. John Browning aliupa mpangilio huu umbo lililodumu, na bastola yake ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Glock ya Austria, iliyokuja katika miaka ya 1980, iliondoa nyundo ya nje na kuweka pini inayokazwa ndani, na ikawekewa kifyatulio cha kama kilo 2 na nusu.

Uzito anaousikia mwenye bastola hautoki mahali pamoja. Kuna springi ya nyundo, kuna springi zinazorudisha kifyatulio mahali pake, kuna msuguano wa vyuma vinavyogusana, na kuna upana wa mahali ulimi unaposhikana na nyundo. Watu wengi wanaolalamikia kifyatulio kizito kwa kweli wanalalamikia kifyatulio kigumu chenye mikwaruzo: kinaanza, kinakwama, kinateleza. Mikwaruzo hiyo mara nyingi inatoka kwenye uchafu, mafuta yaliyoganda na vyuma visivyolingana vizuri, na inaweza kuondolewa na fundi mwenye leseni bila kugusa nguvu ya springi. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi nzima ambayo mtu hupata ulaini bila kuulipia. Zaidi ya hapo kila gramu inayopunguzwa inatoka kwenye pigo la pini au kwenye usalama wa ulimi.

Pigo likipungua, matatizo hayaji siku hiyo hiyo. Fataki za risasi hazina ugumu mmoja. Zinazotengenezwa kwa matumizi ya jeshi kwa kawaida huwa na kikofia kigumu zaidi, ili zisilipuke kwa bahati mbaya ndani ya silaha zinazopakia kwa kishindo. Bastola iliyolegezwa springi inaweza kupiga vizuri boksi zima la risasi laini na kushindwa kabisa siku itakapowekewa risasi za aina nyingine. Mwenyewe ameshaiamini. Ulimi nao ukichongwa kupita kiasi, bastola inaweza kujifyatua ikianguka, ikikokiwa, au ikipigwa pigo dogo ndani ya mfuko. Madhara hayo hayamwangukii fundi aliyeichonga.

Wapo wanaoona njia salama ni kukifanya kifyatulio kizito sana. Polisi wa jiji la New York walijaribu hivyo: kwa miaka mingi bastola zao zilihitaji nguvu ya kama kilo 5 na nusu, mara mbili ya kawaida, ili askari asifyatue kwa kushtuka. Gharama yake ilikuwa shabaha, kwa sababu kidole kinachovuta uzito huo huvuta na mkono mzima, na risasi iliyokosa shabaha mjini huenda kwa mpita njia. Mwaka 2021 walianza kuwapa askari wapya vifyatulio vyepesi zaidi. Usalama hauongezeki tu kwa kuongeza kilo. Una kipimo chake, na kipimo hicho hupatikana kwa kiwanda kujaribu maelfu ya risasi, kazi ambayo hakuna karakana ya uani inayoweza kuifanya.

Mtu ambaye risasi yake imegoma ana ushahidi mkononi, kama anajua kuusoma. Baada ya kungoja na kuitoa salama, atazame kitako cha ganda. Alama ya pini ikiwa ya kina na katikati, bastola imefanya kazi yake na risasi ndiyo yenye kasoro, pengine ya zamani au iliyoingia unyevu. Alama ikiwa hafifu, pigo halikutosha: springi imechoka, njia ya pini imejaa masizi, au risasi haikukaa sawasawa mahali pake na pigo likaishia kuisukuma mbele. Alama ikiwa pembeni, kuna chuma kilicholika, na silaha hiyo irudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kwa mwenye silaha halali wa Sumbawanga, Laela au Namanyere, sababu za kwanza zitakuwa risasi zilizokaa miaka kabatini na silaha iliyopakwa mafuta mengi yakavuta vumbi. Kabla ya kufikiria kubadilisha chochote, anunue risasi mpya kwa muuzaji mwenye kibali, asafishe, aitunze mahali pakavu. Malalamiko mengi yataishia hapo.

Yanayobaki yanahitaji fundi, na hapa ndipo sera yetu inapopwaya. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha imilikiwe kwa leseni na kazi ya kuzitengeneza ifanywe na wenye kibali. Tanzania pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo chombo chake, RECSA, kimesaidia nchi za ukanda huu kuzipiga silaha alama za utambulisho. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi nayo imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha haramu, magobore yakiwa mengi miongoni mwake, wazisalimishe bila kushitakiwa. Yote haya nayaunga mkono. Lakini yote yanajibu swali la silaha hii ni ya nani. Hakuna hata moja linalouliza kama ulimi wake bado unaishika nyundo. Gobore lenye leseni na namba iliyopigwa vizuri linaweza kuwa na mtambo uliolika kiasi cha kujifyatua likiegemezwa mlangoni, na karatasi zake zikawa safi.

Matokeo ni kwamba mwenye silaha inayogoma anakwenda kwa mtu wa kijijini anayejua chuma, kwa siri, hata kama silaha yenyewe ni halali. Fundi huyo anafanya kazi bila vipimo, bila vipuri, bila mtu wa kumkagua, na kwa haraka. Kazi inayofanywa kwa haraka na kwa siri hupendelea kile kinachoonekana upesi, yaani kifyatulio kilichokuwa kigumu kimekuwa laini. Mteja anafurahi. Uhakika wa moto na usalama wa ulimi havionekani mpaka siku ya ajali.

Nchi nyingine zimekutana na hili. Katika mji wa Danao, kisiwa cha Cebu huko Ufilipino, ufundi wa siri wa bastola ulidumu vizazi kadhaa bila kukomeshwa na misako, mpaka baadhi ya mafundi walipoajiriwa katika viwanda vyenye leseni ambako kila silaha inajaribiwa na kuandikwa. Ufundi wa siri haukwisha wote, ila walioingia walikuwa chini ya kipimo na jina. Sisemi Rukwa ianzishe kiwanda cha bastola. Mkoa unaolisha nchi mahindi una mahitaji mengine. Ninachosema ni kwamba tuna Shirika la Mzinga kule Morogoro, lenye wataalamu wa risasi na silaha, na tuna utaratibu wa kuhuisha leseni ambao tayari unamleta mwenye silaha mbele ya polisi. Kuunganisha hayo mawili hakuhitaji sheria mpya: mtaalamu wa mtambo awepo siku za kuhuisha leseni katika wilaya, apime kifyatulio kwa mizani, aikoki silaha tupu na kuigonga aone kama nyundo inabaki, achungulie kitundu cha fataki. Silaha iliyoshindwa itengenezwe hapo au ichukuliwe.

Kwa magobore ya kulindia mashamba ningekwenda mbali zaidi. Mkulima wa Muze au Ilemba hashiki gobore kwa kuipenda silaha. Analishika kwa sababu nguruwe wamemaliza nusu eka usiku mmoja, na kifuta jasho kinachotolewa na serikali kwa uharibifu wa wanyamapori huchukua muda kufika, tena hakilingani na magunia aliyopoteza. Doria za askari wa wanyamapori zikifika kwa wakati katika miezi ya Februari hadi Mei, na kifuta jasho kikilipwa kabla ya msimu unaofuata, sababu ya kulikarabati gobore la babu inapungua. Fedha ya kumleta mtaalamu kutoka Morogoro hadi Sumbawanga mara moja kwa mwaka ni ndogo mbele ya gharama ya kumsafirisha majeruhi mmoja wa gobore kutoka bondeni hadi hospitali ya mkoa, barabara ya mlimani ikiwa imelowa.